Arobaini na Mmoja wa Jina Letu

Mimi siamini watu, na sioni haya kusema hivyo. Nimekaa dirisha namba nne la masijala ya vizazi na vifo miaka ishirini na tisa, na katika miaka hiyo nimeletewa watoto ambao kwa tarehe zao wamezaliwa kabla ya mama zao, wajane ambao waume zao wanawasubiri nje kwenye pikipiki, na mzee mmoja aliyekuja kuandikisha kifo chake mwenyewe ili apumzike na simu za watu. Kazini wananiita Mama Muhuri. Wanadhani sijui.

Kingine kilichonifundisha kutoamini ni jina langu la ukoo. Ni jina la mji, ule mji mkubwa wa bondeni penye mto, ila limepungukiwa na herufi ya tatu. Mtu akiuandika mji ule harakaharaka, kwenye kifurushi au tiketi ya basi, mara nyingi anaandika jina langu bila kujua. Kwa hiyo tangu utotoni watu wananisahihisha. Mwalimu wa darasa la kwanza aliniongezea herufi kwa kalamu nyekundu, nami nikaifuta kwa mate mpaka daftari likatoboka. Benki dada mmoja aliniambia, "Mama, nimekuuliza jina, siyo unakotoka." Barua zetu zimetembea kuliko sisi wenyewe.

Na sisi wenyewe tulikuwa watatu tu duniani. Baba yangu, mzee wa miaka sabini na saba, aliyekuwa mjalidi wa serikali, kazi yake kushona na kubandika madaftari yaliyochakaa kwenye jengo la nyaraka. Mimi. Na binti yangu, niliyempa jina la kwetu kwa sababu baba yake alichotuachia ni mwavuli, tena mbovu. Mtu wa nne mwenye jina hili hatukuwahi kumwona kwa macho.

Basi Jumapili moja jioni binti yangu akamleta mchumba. Habari zake tulikuwa nazo tayari: ni fundi wa lifti, walifahamiana siku lifti ya ofisini kwao ilipokwama na binti yangu akiwa ndani, kijana akakaa dakika arobaini anamwongelesha kupitia upenyo wa mlango ili asiogope. Mimi nilishamwita Fundi hata kabla sijamwona. Jina lake la ukoo binti yangu hakututajia, na nilipomwuliza alisema tutalisikia akija. Hilo ndilo lililoanza kunikera.

Alikuja na shati lililopigwa pasi vizuri na mikono yenye mafuta ya mashine yasiyotoka kwenye kucha. Akasalimia vizuri, akakaa pale alipoonyeshwa. Baba akamwuliza, kama anavyowauliza wote, "Kijana, wewe ni wa nani?"

Fundi akajitaja.

Baba alikuwa na kikombe mkononi. Akakiweka chini kwenye zulia, siyo mezani. "Hebu rudia."

Akarudia. Kisha, bila kuombwa, akalitaja herufi kwa herufi, kwa uchovu wa mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Herufi ya tatu haikuwepo.

"Babu yako mzaa baba," Baba akasema. "Alitokea wapi?"

"Sijui vizuri, mzee. Alikuwa hapendi kuongea. Alikulia kituo cha watoto yatima, kule mji wa bondeni. Alipelekwa pale akiwa na miaka mitatu, mwaka wa mafuriko. Halafu fundi cherehani mmoja na mkewe wakamchukua wakamlea. Alifariki miaka sita iliyopita."

Baba ana magoti ambayo kwa kawaida humchukua dakika nzima kusimama. Safari hii alisimama mara moja. Alimfuata kijana wa watu, akamkumbatia kichwa pale pale alipokaa, akawa anasema, "Mdogo wangu. Huyu ni mjukuu wa mdogo wangu."

Ndani ya nyumba yetu hakuna asiyejua habari ya mdogo wake Baba. Mafuriko yalipochukua nyumba yao, Baba akiwa na miaka mitano na mdogo wake mitatu, waliokotwa wakapelekwa kwenye kile kituo. Baada ya siku chache mdogo wake hakuonekana tena kitandani. Wakamwambia Baba amechukuliwa na familia nzuri. Baba alimtafuta tangu alipopata akili ya kutafuta. Aliandika barua, alisimama kwenye vituo vya mabasi akiangalia masikio ya watu, maana alisema mdogo wake alikuwa na masikio yaliyochomoza. Nimekua nikisikia hadithi hiyo mpaka nikawa naweza kuisimulia mimi.

Kwa hiyo Jumapili ile alilia, nasi tukalia. Hata mimi. Halafu Baba akafuta uso kwa kiganja, akamtazama binti yangu, akasema kwa upole kabisa, "Sasa mnaelewa kwamba hapa hakuna harusi. Huyu ni ndugu yako. Damu moja, jina moja. Siwezi kumwoza mjukuu wangu kwa mjukuu wa mdogo wangu."

Binti yangu akaondoka sebuleni bila kuaga. Nilimfuata jikoni. Nikamwambia, "Ulijua. Ndiyo maana hukututajia jina."

"Nilijua Babu atasema nini," akajibu. "Nilitaka kwanza ampende."

"Haya, amempenda."

Hakucheka. Ana miaka thelathini na miwili, siyo mtu wa kulialia, na siku ile alisimama akiosha kijiko kimoja mpaka nikamnyang'anya. Akaniambia Fundi anahamishwa mwisho wa mwezi, anakwenda kufunga lifti kwenye mji wa mbali kwa miaka miwili, nao walikuwa wamepanga waondoke pamoja wakiwa mke na mume. Shangazi yake Fundi, ndiye aliyemlea, alikuwa anakuja Jumamosi ya wiki iliyofuata kuleta posa. "Na mimi bila Babu kukubali siondoki," akasema. "Unajua siwezi."

Najua. Babu yake ndiye aliyemfundisha kusoma, mimi nikiwa dirishani nagonga mihuri.

Wiki ile nikaanza kazi yangu ya kutoamini, na wa kwanza alikuwa Fundi. Nilitegemea kijana aliyenyimwa mchumba angenuna, angebishana, angeleta wazee. Wapi. Jumatatu alikuja kumtembelea Baba. Jumatano akaja tena, akakaza kitanda chake kilichokuwa kinalia, akatengeneza redio. Alimwita Babu kwa mdomo mtamu, na Baba naye akawa anamwita "mjukuu wangu" kwa sauti ya kusikika nyumba ya jirani. Nikajiuliza, huyu mbona amepokea upesi hivi? Au alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, akaukuta umefunguliwa na mzee mwenyewe?

Sikungoja anieleze. Nilimfuata kazini kwake, jengo la ghorofa kumi na moja, kule juu kabisa kwenye kichumba cha mashine. Alikuwa amepiga magoti anapaka grisi kwenye waya. Nikamwambia, "Kijana, mimi ni mtu mzima, usinizungushe. Umemchoka binti yangu?"

Aliniangalia kana kwamba nimemmwagia maji. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mama," akasema, "babu yangu nilikaa naye miaka ishirini na saba. Kila nilipomwuliza kwao, alitoka nje. Huyu mzee wenu, nikimwuliza, anajibu. Ananielezea nyumba yao ilivyokuwa, mlango ulikuwa upande gani. Sijawahi kupata hicho kitu." Akakikunja kile kitambaa. "Tukiwa ndugu, nampoteza binti yako. Tusipokuwa ndugu, nampoteza mzee. Unataka nichekelee lipi?"

"Wewe unataka lipi?"

"Namtaka binti yako," akasema.

Nilimwamini robo tatu, ambayo kwangu ni nyingi. Ile robo nikaihamishia kwingine.

Maana kuna kitu kilikuwa kimetokea nyumbani Jumanne na nilikuwa nimekipuuza. Binti yangu alileta habari kwamba siku hizi kuna kipimo, Babu na Fundi watoe mate tu, na wiki mbili haziishi utajua kama ni ukoo mmoja. Nilidhani Baba ataruka kwa furaha. Mtu aliyetafuta ndugu miaka yote hiyo, leo anaambiwa atapewa hakika kwenye karatasi yenye muhuri. Badala yake alikunja uso akasema, "Mimi sipimwi kama maziwa." Tukambembeleza. Akafunga mlango wa chumba chake. Hapo ndipo machale yaliponicheza, ila nilijiambia ni uzee.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikaenda jengo la nyaraka. Madaftari ya kile kituo cha watoto yalihamishiwa pale zamani, kituo kilipofungwa. Mtunza nyaraka ni mtu mnene mpole aliyejifunza kazi mezani kwa Baba, akichanganya gundi. Alifurahi kuniona mpaka nilipomwambia ninachotaka.

"Daftari la mapokezi, mwaka wa mafuriko," akarudia. Akajikuna shingo. "Mzee hajakwambia? Aliliangalia mwenyewe, zamani sana. Ndiye aliyelijalidi."

"Ameniambia," nikamdanganya. "Nataka kuliangalia na mimi."

"Lipo kwenye hali mbaya."

"Nitalishika vizuri."

"Sijui kama rafu ile inafikika."

Nikamkazia macho yale ya dirisha namba nne. Akaenda. Alirudi baada ya nusu saa na daftari kubwa lenye mgongo wa kitambaa cha kijani, ameliweka juu ya mikono miwili. Akaniachia meza ya karibu na dirisha, naye akajifanya ana kazi upande wa pili wa chumba. Nikajua na yeye ana jambo, au analihisi.

Nikafungua. Safu zilikuwa saba: namba, tarehe, jina, jina la ukoo, umri, alikotoka, maelezo. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa karani mmoja tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nikapeleka kidole kwenye safu ya jina la ukoo.

Jina letu. Mstari wa chini yake, jina letu. Wa chini yake, jina letu. Nikageuza ukurasa. Niliyahesabu mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza macho yalikuwa na ukungu. Watoto arobaini na mmoja, wote wa jina letu, wameingia ndani ya majuma matatu. Na kwenye safu ya alikotoka, kwa wote arobaini na mmoja, neno moja: mafuriko.

Nilielewa upesi kuliko mtu mwingine yeyote angeelewa, kwa sababu ni kazi yangu. Kwetu masijala safu haiachwi wazi. Ukiacha safu wazi, mkaguzi anakurudishia daftari zima. Yule karani aliletewa watoto waliolowa, wanaolia, wadogo mno kujua wao ni wa nani. Akauliza waliowaleta, hawa ni wa wapi, akaambiwa jina la mji. Akaliandika mahali palipokuwa wazi, na kwa haraka akaliandika kama watu wengi wanavyoliandika. Kesho yake akanakili la jana. Hivyo ndivyo ukoo wetu ulivyoanza. Yule mwalimu wa kalamu nyekundu alikuwa sahihi.

Sitadanganya, liliniuma. Jina nililoligombania kwenye madirisha ya watu miaka hamsini na minne halikuwa la mtu yeyote. Lakini hapo hapo nikaona upande wa pili: kama wako arobaini na mmoja, basi jina si damu. Fundi kuitwa kama sisi hakuthibitishi kitu.

Hata hivyo hakukanushi pia. Nikaanza kutafuta wavulana wa miaka mitatu. Majina yao wenyewe hayakuwepo, karani aliandika "mvulana" tu. Waliokuwa na umri huo na kwenye maelezo wameandikiwa "amechukuliwa na familia" walikuwa wanne. Babu yake Fundi alikuwa mmoja wa hao wanne, ni lazima. Na wa mwisho wao alikuwa namba kumi na nane: mvulana, miaka mitatu, mdogo wa namba kumi na saba. Namba kumi na saba, miaka mitano, aliyeandikwa kwa jina lake, ni baba yangu.

Basi ilikuwa bahati ya moja kwa nne kwamba babu yake Fundi ndiye mdogo wake Baba. Kwa moja kwa nne Baba angekataa harusi mpaka siku ya kufa kwake, na shangazi wa kijana angekataa pia, na mtu yeyote mwenye akili. Nikainamia mstari ule kwa karibu, nikitafuta hata nukta ya kunisaidia. Ndipo nilipoona kwamba maneno "amechukuliwa na familia", pale kwenye kumi na nane, hayakuandikwa kwenye ukurasa. Yaliandikwa kwenye ukanda mwembamba wa karatasi uliobandikwa juu ya ukurasa.

Nieleze hapa, kwa asiyejua kazi yetu. Daftari la serikali halifutwi. Ukikosea unabandika ukanda, unaandika sahihisho juu yake, na pembeni unatia herufi za jina lako na tarehe, ili siku moja mtu akiuliza nani alibadilisha, ajulikane. Ukanda usio na herufi ni kosa la jinai. Watu wamefungwa kwa ukanda. Na huu haukuwa na herufi wala tarehe.

Wazo langu la kwanza lilikuwa baya, nakiri. Nilifikiri ni watu wa Fundi. Halafu nikaona mwandiko: uliiga ule wa karani vizuri sana, ila mtu akiiga huwa anakwenda taratibu, na wino unazama. Nikaona pembe za ukanda zilivyokatwa mviringo kidogo zisije zikanyanyuka. Nikainama nikanusa. Gundi ya unga wa ngano, na harufu ya karafuu kwa mbali, dawa ya kufukuza wadudu. Watu wanaotia karafuu kwenye gundi siwajui wengi. Nilikua na harufu hiyo kwenye mashati ya mtu.

Mtunza nyaraka alikuwa amesimama, hajifanyi tena ana kazi. "Mama," akasema, "ukanda haung'olewi bila kibali."

"Siung'oi."

Nikanyanyua ule ukurasa mmoja, nikausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Jua la saa nane lilipita karatasi zote mbili. Chini ya maneno ya ukanda, kwa mwandiko wa haraka wa karani, niliyasoma ya kweli: Amefariki. Homa. Siku ya kumi na moja.

Nilimkuta Baba nyumbani kwenye chumba cha nyuma, anashonea jirani kitabu cha shule kilichoachana. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake.

"Nimetoka nyaraka."

"Yule bwana anaendeleaje?"

"Anakusalimu. Nimeliona daftari la mapokezi." Sindano ikasimama. "Namba kumi na nane, Baba."

Akaichomeka sindano kwenye kitabu. Halafu akauliza, "Umeushika ukanda?"

"Sikuushika. Niliuweka kwenye mwanga."

"Karatasi ilikuwa nyembamba," akasema. "Nilijua siku ile ile. Lakini nene isingelala vizuri."

Hapo hasira zikanipanda. Nilikuwa nimejipanga kusema kwa utaratibu, utaratibu ukanitoka. Nikamwambia amenifanya nilie miaka yote kwa ajili ya mtu aliyekufa. Nikamwambia amenisimamisha kituo cha mabasi nikiwa na miaka saba niangalie masikio ya watu, naye anajua. Nikamwambia, "Na sasa unamvunjia mjukuu wako ndoa kwa uongo ulioubandika kwa mkono wako mwenyewe. Ulijua kijana yule si wetu. Ulijua hata kabla hajakaa."

"Nilijua," akasema. "Lakini mdomo ulishasema."

"Kwa nini, Baba?"

Aliweka kitabu chini. Akaanza kusugua kidole gumba, pale penye sugu ya sindano.

"Mama yako alikuwa na mimba yako. Daftari likaja mezani kwangu na mengine, mgongo umeachia. Sikulitafuta, lililetwa tu. Nikasoma." Akavuta pumzi. "Kule kituoni walitupa blanketi moja, watu wawili. Yeye alikuwa anapiga mateke, ananifunua. Siku ya kwanza nikavumilia, ya pili nikavumilia. Ya tatu nikajiviringisha peke yangu. Alinivuta, nikamsukuma. Nilikuwa na miaka mitano, lakini nilijua ninachofanya. Waliponiambia amechukuliwa na familia, nilishukuru, nikajua huko atakuwa na blanketi lake. Miaka kumi na minane nimeishi na hilo. Halafu ndiyo nasoma siku ya kumi na moja."

Hasira ilikuwepo bado, ila haikuwa na pa kukaa. Nikamwambia kitu pekee nilichokuwa nacho, ambacho ni hesabu. "Nimepitia lile daftari lote. Mwezi ule walikufa kumi na watatu. Wengine walikuwa wakubwa. Ilikuwa homa ya maji machafu."

"Najua," akasema Baba. "Mimi ndiye niliyelijalidi."

Mwishowe nikamwambia Jumamosi shangazi wa kijana anakuja, na lazima mtu aseme. Aseme yeye, au nitasema mimi. Aliniomba nimpe mkasi, nikampa, akaendelea kushona.

Kwa kosa la ukanda nilipaswa kuripoti. Sijaripoti. Ukitaka kuniripoti mimi, dirisha ni namba nne.

Siku mbili zile sikumwamini. Nilikuwa nasikiliza kila anapokohoa. Nilimwona akimwambia binti yangu maneno ya kawaida, juu ya chai, juu ya mvua, na binti yangu akimjibu kwa heshima bila kumtazama, na nikaogopa kwamba atanyamaza hivi hivi mpaka Fundi apande basi aende zake. Jumamosi asubuhi akasema tumbo linamsumbua, heri abaki kitandani. Nikampelekea shati jeupe nikaliweka kwenye kiti, nikatoka.

Saa nne wakaja. Shangazi yake Fundi alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, mama mwembamba mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, akakaa wima bila kuegemea. Fundi akakaa karibu naye. Binti yangu alikaa karibu nami, vidole vyake vimeshikana. Baada ya salamu shangazi akasema, "Nimesikia kuna jambo la undugu. Mimi nataka kusikia wazi. Kama ni damu, tutamaliza leo na tubaki ndugu. Kama si damu, nimeleta maneno mengine."

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Baba alikuwa amevaa lile shati, vifungo vimepishana. Alikuja akasimama nyuma ya kiti chake akakishika mgongo, hakukaa.

"Si damu," akasema. "Hawa watoto wa jina letu walikuwa wengi, karani aliwagawia tu. Ndugu yangu mimi alifariki pale pale kituoni, siku kumi na moja baada ya kufika. Nimejua hivyo miaka hamsini na minne. Niliificha. Niliibandika karatasi juu yake ili nikisoma nione yu hai, na nikawadanganya hawa wanangu." Akamgeukia Fundi. "Mjukuu wangu, nisamehe. Wewe si wangu. Nilipenda uwe."

Fundi aliinamisha kichwa. Mabega yakawa yanamtikisika, na shangazi yake akamwekea mkono mgongoni bila kumwangalia. Binti yangu alisimama akaenda kwa babu yake. Alianza kumfungua vifungo vya shati na kumfunga upya, kimoja kimoja, kama anavyofanya kila mara, na Baba akamwachia.

"Basi kwa upande wa hawa wawili hakuna kizuizi," shangazi akasema, sauti yake imeshuka. "Ya posa tutayaongea." Akavua miwani. Alimtazama Baba kwa muda, halafu akamwuliza, taratibu, kama mtu anayeulizia habari za msibani, "Pole, mzee. Huyo mdogo wako, alikuwa anaitwa nani?"

Nilikuwa nimetoka jikoni na sinia la vikombe. Nikasimama nalo mlangoni. Lile daftari halikuwa na jina lake, liliandikwa "mvulana". Baba alifungua mdomo, akaufunga, na nikadhani amesahau, miaka sabini na miwili si mchezo. Halafu akalitaja. Kisha akalitaja tena, safari hii kwa kifupi, vile mtoto wa miaka mitano anavyomwita wa miaka mitatu.

Shangazi akalirudia polepole. Binti yangu akalirudia, na Fundi naye. Mimi sikuweza. Miaka ishirini na tisa nawauliza watu majina, ya wazima na ya maiti, mara tatu-tatu kama siamini, na ndugu wa baba yangu nilimsikia kila wiki ya maisha yangu, habari ya masikio, habari ya mafuriko, na hata siku moja sikumwuliza aliitwa nani. Nililishika lile sinia, nikaona aibu.